Ufungamano wa Atomi na Tabia za Maada: Istilahi ya Kiswahili Katika Mizani



Mwaka 1927 jarida la Nature la Uingereza lilichapisha maandishi mafupi yenye hasira kutoka kwa mwanakemia mkongwe, Henry Armstrong. Kisa cha hasira hiyo kilikuwa chumvi ya mezani. William Lawrence Bragg, ambaye pamoja na baba yake alikuwa ameanza tangu mwaka 1913 kuzichunguza fuwele kwa miali ya eksirei, alikuwa ameandika kwamba ndani ya punje ya chumvi hakuna molekuli hata moja ya kloridi ya sodiamu. Zipo ioni za sodiamu na ioni za klorini zilizopangika kwa zamu kama miraba ya ubao wa sataranji, kila moja ikiwa imezungukwa na sita za aina nyingine, na hakuna sodiamu inayoweza kusema klorini ile ndiyo mwenzangu. Armstrong alilikataa jambo hilo katakata. Hakuleta vipimo vya kupinga vipimo vya Bragg, wala asingeweza, kwani Bragg na baba yake walikwisha kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1915 kwa kazi hiyohiyo. Alichokileta ni mazoea ya maisha yake yote: kwamba chumvi ni sodiamu moja na klorini moja waliofungwa pamoja, mithili ya mume na mke.

Kisa hiki kinafaa kuwa mlango wa mhadhara unaohusu taaluma za Kiswahili, kwa sababu kinaonesha kwamba neno linaweza kumfumba macho hata bingwa. Armstrong hakuwa mjinga. Alikuwa mwalimu aliyeheshimiwa, aliyepigania wanafunzi wajifunze sayansi kwa kutenda. Hata hivyo neno “molekuli”, na picha ya jozi iliyokuja nalo, vilimzuia asione kilichokuwa mbele yake. Basi lugha ambayo bado inajijengea istilahi zake za kemia ina bahati ambayo Kiingereza hakikuwa nayo: inaweza kuchagua neno baada ya jambo lenyewe kujulikana. Swali ni iwapo bahati hiyo imetumiwa.

Inafaa kukumbuka kwamba neno la Kiingereza lenyewe si la kitaalamu kwa asili. Edward Frankland alipoanza kulitumia mwaka 1866 kwa vile vistari vilivyochorwa kati ya herufi za elementi, elektroni ilikuwa haijagunduliwa, J. J. Thomson aliitambua mwaka 1897, miaka 31 baadaye. Frankland aliazima neno la kawaida lenye maana ya kitu kinachofunga, iwe kamba, pingu au mkataba. Maana ya kisayansi ilikuja kumiminwa ndani ya chombo hicho polepole: Gilbert Lewis na Walther Kossel mwaka 1916, Heitler na London mwaka 1927, kisha Linus Pauling katika kitabu chake mashuhuri cha mwaka 1939. Kwa hiyo anayesema kwamba Kiswahili hakiwezi kueleza jambo hili kwa kuwa maneno yake ni ya nyumbani, anasahau kwamba maneno ya wenzake nayo yalitoka nyumbani.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 ilikuwa hatua kubwa, na Baraza la Kiswahili la Taifa limeendelea kusanifisha istilahi tangu lilipoundwa mwaka 1967. Pamoja na hayo, mtu akiwasikiliza walimu wa kemia katika shule za sekondari za Tanzania, ambako somo hufundishwa kwa Kiingereza na kufafanuliwa kwa Kiswahili pale mwanafunzi anapokwama, atasikia dhana moja ikiitwa kwa majina mengi: bondi, kifungo, muungo, muungano, mshikamano, fungamano. Wingi huo si aibu. Ila kila jina huja na mizigo yake, na mizigo hiyo ndiyo inayostahili kupimwa.

Neno “kifungo” ndilo linalokuja haraka mdomoni. Lakini kifungo cha shati huunganisha vitambaa viwili mahali pamoja tu, na kifungo cha mahakamani humweka mtu asipotaka kuwa. Picha zote mbili zinapotosha. Ya kwanza hufanya mwanafunzi aione kila atomi ikiwa na tundu na kishikizo chake. Ya pili, ambayo ndiyo yenye hatari zaidi, hufanya aamini kwamba atomi zilizofungwa zinatamani kutoka, na kwamba kifungo kikivunjwa nishati itafunguka kama mfungwa aliyeachiwa. Ukweli ni kinyume chake kabisa. Kuzitenga atomi mbili za molekuli ya hidrojeni hudai kilojuli 436 kwa kila moli. Nishati haitoki kwa kuvunja. Hutoka pale atomi zinaposhikamana upya kwa nguvu zaidi kuliko awali. Mkaa ukiwaka jikoni, joto linalochemsha sufuria linatokana na kaboni kushikana na oksijeni, wala si kwa mkaa kuachia kitu kilichokuwa kimefungiwa ndani yake. Kosa hili lipo pia kwa wanafunzi wanaosoma kwa Kiingereza, na limeandikiwa sana na watafiti wa elimu. Neno “kifungo” linaliongezea mbolea.

“Muungano” ni neno zuri, lakini katika masikio ya Mtanzania limekwisha kuchukuliwa na tukio la tarehe 26 Aprili 1964, na linabeba wazo la pande mbili zinazojulikana kuwa kitu kimoja. Kwa molekuli ya maji linaweza kufaa. Kwa chumvi ya Bragg linarudisha kosa la Armstrong lilelile. Ama “bondi”, utohozi huu una faida ya kutokuwa na historia, na hasara yake ni hiyohiyo: haumpi mwanafunzi chochote cha kushika. Wachumi waliokabiliwa na neno hilohilo la Kiingereza katika maana ya mkopo wa serikali hawakutohoa, bali waliunda “hatifungani”, na leo neno hilo husomwa magazetini bila mtu kushangaa.

Kinachobaki ni “fungamana” na jamaa zake, na hapa sarufi ya Kiswahili inaingia kwa namna ambayo wanaisimu hawana budi kuizingatia. Kitenzi hiki kina mzizi -fung-, kikafuatiwa na -am- ya kauli ya kutendama, kisha -an- ya kauli ya kutendana. Kauli ya kutendama, ambayo siku hizi haizai maneno mapya kwa wingi, huonesha kuwa katika hali au mkao fulani, kama katika “inama”, “kwama” na “lowama”. Kutendana huonesha kwamba jambo liko baina ya wahusika. Kwa pamoja zinaeleza hali ya kuwa mmeshikwa ninyi kwa ninyi, bila kumtaja mfungaji na bila kutaja idadi. Ndiyo maana lugha ya siasa ilipohitaji kutaja mataifa yaliyokataa kujiunga na kambi za Marekani na Urusi ilipata “nchi zisizofungamana na upande wowote”. Kufungamana ni hali, si tukio. Na hicho ndicho kemia inachokihitaji. Mhadhara huu unalipendelea neno “ufungamano” kwa dhana ya jumla. Mwenye kulikataa atapaswa kuleta lililo bora, na huenda lipo.

Jambo la pili ambalo sarufi inalitoa ni njia ya kutenganisha aina za ufungamano bila kukimbilia vivumishi vya kigeni mara moja. Katika chumvi, ioni zenye chaji chanya na zenye chaji hasi zinavutana. Katika almasi au gesi ya hidrojeni, atomi mbili zinashirikiana jozi ya elektroni. Katika shaba, atomi zote zimeachia baadhi ya elektroni zao zikawa mali ya wote, na viini vyao vimeshikamana ndani ya bahari hiyo. Na baina ya molekuli moja ya nta na nyingine hakuna kuvutana kwa ioni wala kushirikiana; zinanatana tu. Mnyambuliko wa mguso, yaani ile -at- ya “kumbata”, “fumbata”, “ambata” na “kamata”, unaonekana kana kwamba uliwekwa akiba kwa ajili ya kani hizi hafifu za ukaribu. Hata hivyo tahadhari inahitajika. Lugha haikujua fizikia ya kwanta. Kufanana huku ni msaada wa kufundishia, na anayekugeuza kuwa ushahidi kwamba mababu walizijua elektroni anaiaibisha isimu na kemia kwa pamoja.

Je, tofauti hizi zina uzito gani nje ya karatasi? Jibu lipo katika tabia za vitu. Nyundo ikipiga donge la chumvi, safu moja ya ioni husogea kidogo juu ya nyingine. Chanya hujikuta ikitazamana na chanya, hasi na hasi, na mvuto hugeuka kuwa msukumano. Donge hupasuka, tena kwa nyuso zilizonyooka. Nyundo hiyohiyo ikipiga shaba, safu za atomi husogea vilevile, lakini elektroni huru huzifuata popote ziendako na ufungamano haukatiki. Shaba hubonyea, hutandazika, huvutwa ikawa waya. Kiswahili kinalo neno la kale kwa kitendo hicho: kufua. Mhunzi hufua chuma, hufua shaba, hufua fedha. Hakuna anayefua chumvi wala jiwe. Kamusi za kawaida huieleza “fua” kwa kutaja mhunzi na chombo anachokitengeneza, zikaacha kuiona ile sifa ya maada iliyofichika ndani yake. Kama panahitajika istilahi ya uwezo wa metali kutandazwa kwa kupigwa, “ufulikaji” iko karibu kuliko neno lolote la kuazima. Shaba yenyewe ilifika hadhi ya kuwa jina la mkoa mzima, kwani Katanga iliitwa Shaba tangu mwaka 1971 hadi 1997, na waya nyingi zinazopitisha umeme duniani zina asili katika ukanda huo. Elektroni zilezile zinazoiruhusu shaba kufuliwa ndizo zinazobeba umeme.

Kaboni inatoa somo la aina nyingine, kwani hapa elementi ni moja na tofauti yote imo katika mpangilio. Almasi ya Mwadui, ambako John Williamson aligundua mgodi mwaka 1940, na madini ya kinywe yapatikanayo Mahenge na Merelani, vyote ni kaboni. Katika almasi kila atomi imeshirikiana na nne pande zote, kwa umbali wa nanomita 0.154. Katika kinywe kila atomi imeshirikiana na tatu tu, zikafanya matabaka bapa. Ndani ya tabaka atomi zimekaribiana zaidi kuliko zile za almasi, nanomita 0.142, lakini kutoka tabaka hadi tabaka ni nanomita 0.335, na huko hakuna ila kunatana. Tabaka huteleza juu ya tabaka, likaacha alama kwenye karatasi. Watu huiita “kalamu ya risasi” kalamu inayoacha alama hiyo, ingawa ndani yake hamna risasi hata chembe. Hilo ni kosa lililorithiwa kutoka Ulaya, ambako kinywe kilidhaniwa kuwa aina ya risasi, na halihitaji kusahihishwa na mtu yeyote. Neno likishazoeleka sokoni, mwanaistilahi hana mamlaka nalo. Mamlaka yake ni darasani.

Na darasani ndiko kwenye tatizo kubwa kuliko yote yaliyotajwa, nalo linahusu kitenzi cha kila siku: kuyeyuka. Barafu iliyoachwa juani huyeyuka. Sukari iliyotiwa katika chai nayo, kwa wasemaji wengi, huyeyuka. Samli juu ya moto huyeyuka, na chumvi ndani ya mchuzi huyeyuka. Jikoni hakuna hasara. Kwa kemia, hayo ni mambo mawili yasiyofanana, na kuyachanganya ni kuipoteza dhana yote ya ufungamano. Ili chumvi iyeyuke kama barafu inavyoyeyuka, ni lazima ipate joto la nyuzi 801 za sentigredi, kwa kuwa kila ioni imevutwa kutoka pande sita. Chumvi hiyohiyo katika kikombe cha maji ya kawaida hutoweka kwa kukorogwa mara chache. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba mambo yote mawili ni “kuyeyuka” ana haki ya kuuliza inakuwaje maji baridi yafanye kazi ya tanuri. Akikosa jibu atahitimisha kwamba mvuto wa ioni ni hafifu, na hitimisho hilo ni halali kabisa kwa neno alilopewa.

Jibu ni kwamba maji hayaleti joto; yanaleta mvuto mbadala. Molekuli ya maji ina upande uliochajika chanya kidogo na upande uliochajika hasi kidogo. Molekuli nyingi huizingira ioni moja, zikaielekezea upande inaoupenda, na jumla ya mivuto hiyo midogo, pamoja na ioni kupata nafasi ya kutawanyika, hulipia gharama ya kuing’oa fuwele. Ioni zilizotawanyika hivyo hupitisha umeme. Sukari nayo hutawanyika, lakini molekuli zake hubaki nzima, kila moja na ushirikiano wake wa ndani. Kilichoachana ni molekuli na molekuli, na kwa hiyo maji ya sukari hayapitishi umeme kwa kiasi cha kutajika. Kiswahili kina “mumunyuka”, kitenzi kilichozoeleka kwa peremende mdomoni, ambacho baadhi ya waandishi wa sayansi wamekwisha kukitumia kwa maana hii. Kikipewa nafasi yake, “kuyeyuka” kitabaki kwa kazi ya joto peke yake.

Walioichemsha chumvi Uvinza, karibu na mto Malagarasi, kwa zaidi ya miaka elfu moja waliijua njia ya kurudi: maji ya chemchemi hutiwa chunguni, moto huyafukuza, na ioni zilizokuwa zimetawanyika hurudi kujipanga zikawa fuwele. Hapa hakuna kilichoyeyushwa kwa moto. Moto umefanya kazi ya kuyaondoa maji tu.

Maji yenyewe, kwa kupita, yana ajabu yake. Molekuli ya salfidi ya hidrojeni ni nzito kuliko ya maji, nayo huchemka kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri. Kama maji yangefuata mkondo huo, bahari zisingekuwapo. Yanachemka kwenye nyuzi 100 kwa sababu hidrojeni ya molekuli moja huvutwa na oksijeni ya jirani, kwa ufungamano wa kilojuli 20 hivi kwa moli, ambao si kitu ukilinganishwa na zile 463 zinazoishikilia hidrojeni na oksijeni ndani ya molekuli. Maji yanayochemka hayagawanyiki kuwa gesi mbili. Hapa tena neno moja kwa nguvu zote mbili lingezaa kosa, na ndiyo sababu mhadhara huu unapendekeza “ufungamano” ndani ya molekuli na “mnato” au “mwambatano” baina ya molekuli.

Mfano ambao umeachwa kwa makusudi hadi sasa ni chokaa, kwani ndio unaovuruga mgawanyo wote. Majumba ya Kilwa, Gedi na Lamu yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Jiwe hilo ni kaboneti ya kalsiamu. Ndani ya kila ioni ya kaboneti, kaboni moja inashirikiana elektroni na oksijeni tatu. Baina ya ioni hiyo na ioni ya kalsiamu kuna kuvutana. Aina mbili zimo katika punje moja. Tanuu likiwashwa na joto kupanda hadi karibu na nyuzi 900, jiwe haliyeyuki. Kinachoshindwa kwanza ni ushirikiano wa ndani ya kaboneti: gesi ya kaboni dioksaidi hutoka, na kutoka tani 100 za jiwe safi hubaki tani 56 za oksidi ya kalsiamu. Oksidi hiyo ina ioni zenye chaji mara mbili ya zile za chumvi, na haiyeyuki hadi zaidi ya nyuzi 2,500; hakuna kuni za mwangati wala za mkoko zitakazoifikisha huko. Ikimwagiwa maji huchemka kwa joto lake yenyewe ikawa unga, na unga huo ukichanganywa na mchanga na kupakwa ukutani huanza kunyonya kutoka hewani gesi ileile iliyofukuzwa tanuuni. Baada ya miezi na miaka, kilichomo baina ya mawe ni kaboneti ya kalsiamu tena. Ukuta umejifunga kwa kitu kilekile ambacho mawe yake yameumbwa nacho.

Fundi huviita vyote vitatu chokaa: kilichotoka tanuuni, kilicholowekwa, na kilichokauka ukutani. Kwake hilo ni sahihi, maana ni kazi moja isiyokatika. Mwanakemia anahitaji majina matatu. Mwanafunzi wa pwani aliyewahi kuona tanuu likifukuka tayari anazijua hatua zote tatu kwa macho na kwa harufu, na anajua kwamba chokaa iliyotoka tanuuni ikiguswa na mikono yenye majimaji huunguza, ilhali ile ya ukutani haimdhuru hata mtoto anayeiegemea. Anachokosa ni maneno ya kuzitenganisha hatua hizo, na kwa sasa anapewa maneno hayo katika lugha ambayo hajawahi kumsikia fundi yeyote akiitumia.